Ahadi ni Deni: Usanifu wa Kumbukumbu Pepe katika Kiini cha Mfumo Endeshi na Maana Yake kwa Huduma za Kidijitali za Umma

Ikisiri

Kila programu inayoendeshwa katika kompyuta au simu hupewa na mfumo endeshi ahadi ya kumbukumbu ambayo huenda ikawa kubwa kuliko kumbukumbu iliyopo. Ahadi hiyo ndiyo msingi wa kumbukumbu pepe. Makala hii inaeleza namna kiini cha mfumo endeshi kinavyotoa ahadi hiyo, kinavyoitimiza kidogo kidogo, na kinavyoamua nani apate hasara pale ahadi zinapozidi uwezo. Mfano mkuu ni kiini cha Linux, ambacho huendesha seva nyingi duniani na simu zote za Android. Hoja inayojengwa ni kwamba usanifu wa kumbukumbu pepe ni mgawanyo wa hasara, na kwamba mgawanyo huo huwafikia wananchi kupitia huduma za kidijitali zinazobuniwa bila kuuzingatia. Makala inahitimisha kwa kupendekeza masharti machache ambayo washauri wa sera wanaweza kuyaingiza katika zabuni na miongozo ya huduma hizo.

Maneno makuu: kumbukumbu pepe, kiini, ukurasa, mfumo endeshi, huduma za kidijitali

1.0 Utangulizi

Mwananchi anajaza fomu ya maombi katika programu ya simu. Anapofika hatua ya uthibitisho anaarifiwa kuwa namba ya siri ya muda imetumwa kwa ujumbe mfupi. Anatoka kwenye fomu, anafungua ujumbe, anaisoma namba, kisha anarudi. Fomu imeanza upya: majina, namba ya kitambulisho na viambatisho vyote vimetoweka. Akirudia, hutokea yaleyale. Aghalabu lawama huelekezwa kwa mtandao. Hata hivyo, tukio la namna hii linaweza kutokea mtandao ukiwa imara kabisa. Katika sekunde chache alizotumia kusoma ujumbe, mfumo wa simu uliona kumbukumbu haitoshi, ukatafuta mchakato wa kuondoa, na uliouondoa ni ule uliobeba fomu.

Uamuzi huo haukuwa ajali. Ulitokana na kanuni zilizoandikwa na wasanifu wa mfumo endeshi, na kanuni hizo zina historia ya zaidi ya miaka 60. Makala hii inazieleza kwa watafiti na washauri wa sera ambao si lazima wawe wataalamu wa kompyuta, lakini ambao maamuzi yao kuhusu vifaa, zabuni na huduma hutegemea kanuni hizo wajue wasijue.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa mapema. Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya maunzi na programu nyingine zote, na ndiyo yenye mamlaka ya kugawa rasilimali. Mchakato ni programu iliyo katika utekelezaji. Kumbukumbu halisi ni ile iliyomo ndani ya vijisahani vya kifaa na ambayo hupotea umeme unapokatika. Kumbukumbu pepe ni kumbukumbu kama inavyoonekana na mchakato: mfululizo mrefu wa anwani ambazo mchakato huzitumia kana kwamba zote ni zake na zote zipo.

2.0 Chimbuko la wazo

Katika kompyuta za mwanzo, mwandishi wa programu alibeba mzigo wote wa kupanga kumbukumbu. Kama programu ilikuwa kubwa kuliko kumbukumbu, yeye mwenyewe aliamua ni sehemu ipi iletwe kutoka kwenye hifadhi ya polepole, wakati gani, na ichukue nafasi ya sehemu ipi. Programu iliyopangwa kwa mashine moja haikufaa kwa mashine nyingine yenye kumbukumbu tofauti.

Mashine ya Atlas, iliyozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza mwezi Desemba 1962, iliuhamisha mzigo huo kutoka kwa mwandishi hadi kwa mashine. Kundi lililoongozwa na Tom Kilburn lilikuwa na kumbukumbu ya haraka ya maneno 16,384 na ngoma ya sumaku ya maneno 98,304, kila neno likiwa na biti 48. Walizigawa hifadhi zote mbili katika vipande vya maneno 512. Kumbukumbu ya haraka ikawa na nafasi 32 za vipande hivyo, na kila nafasi ikapewa rejista iliyoeleza kipande gani kimo ndani yake. Programu ilipotaja anwani, maunzi yaliilinganisha na rejista zote 32 kwa pamoja. Kama kipande kilikuwemo, kazi iliendelea. Kama hakikuwemo, programu ilisimamishwa, kipande kikaletwa kutoka kwenye ngoma, na programu ikaendelea bila kujua kilichotokea.

Msingi wa wazo hilo haujabadilika hadi leo. Kipande huitwa ukurasa. Nafasi ya kumbukumbu halisi inayoweza kubeba ukurasa mmoja huitwa fremu. Tukio la mchakato kutaja ukurasa usiokuwemo huitwa hitilafu ya ukurasa, ingawa kwa kweli si kosa, bali ni ombi ambalo kiini hulishughulikia. Kilichoongezeka tangu Atlas ni ukubwa, idadi ya michakato inayogombea fremu zilezile, na wajibu wa kuikinga michakato hiyo isiingiliane. Mchakato hauwezi kusoma kumbukumbu ya mwingine kwa sababu hauna hata anwani ya kuifikia.

3.0 Jedwali la kurasa: gharama ya kuweka kumbukumbu za kumbukumbu

Ili kuigeuza anwani pepe kuwa anwani halisi, kiini hutunza jedwali la kurasa kwa kila mchakato. Hesabu rahisi inaonesha ugumu uliopo. Katika prosesa nyingi za kompyuta za biti 64, anwani pepe hutumia biti 48, sawa na terabaiti 256. Ukurasa wa kawaida una baiti 4,096, kwa hiyo biti 12 za mwisho hutaja mahali ndani ya ukurasa, na biti 36 zinazobaki hutaja namba ya ukurasa. Kama jedwali lingeandikwa kama orodha moja ndefu, lingekuwa na maingizo zaidi ya bilioni 68. Kila ingizo likichukua baiti 8, jedwali la mchakato mmoja tu lingehitaji gigabaiti 512. Daftari lingezidi ghala.

Suluhisho ni kulivunja jedwali katika ngazi nne. Kila ngazi hutumia biti 9, na kila jedwali dogo lina maingizo 512, hivyo linaenea kamili katika ukurasa mmoja wa baiti 4,096. Ingizo la ngazi ya juu huelekeza kwenye jedwali la ngazi inayofuata. Pale ambapo mchakato hautumii eneo fulani la anwani, tawi zima la majedwali halitengenezwi. Kwa kuwa michakato mingi hutumia sehemu ndogo sana ya anwani zake, gharama hushuka kutoka mamia ya gigabaiti hadi kiasi kidogo.

Hata hivyo, unafuu huo una bei yake. Kabla ya kusoma data moja, prosesa inaweza kulazimika kusoma majedwali manne. Ndiyo maana prosesa hubeba kache ndogo ya tafsiri za anwani zilizotumika hivi karibuni, na kasi ya programu hutegemea sana kama anwani zake zinapatikana humo. Ukubwa wa ukurasa nao ni suala la mizani. Kurasa kubwa hupunguza maingizo na kuifanya kache itoshe eneo kubwa zaidi, lakini huacha nafasi tupu ndani ya kurasa zisizojaa. Android 15, iliyotolewa mwaka 2024, ilianza kukubali vifaa vyenye kurasa za kilobaiti 16 badala ya 4. Kifaa chenye kumbukumbu kubwa hunufaika kwa kasi. Katika kifaa chenye kumbukumbu ndogo, nafasi tupu za ndani ya kurasa huonekana mapema zaidi. Uchaguzi unaoonekana wa kiufundi mtupu tayari una wanufaika na wasionufaika.

4.0 Ahadi inayolipwa kwa awamu

Mchakato unapoomba kumbukumbu, kiini cha Linux kwa kawaida hakitoi fremu yoyote papo hapo. Kinachofanyika ni kuandika kwamba eneo fulani la anwani sasa ni halali. Fremu hutolewa pale tu mchakato unapoandika kwa mara ya kwanza katika ukurasa husika na kusababisha hitilafu ya ukurasa. Sababu ni kwamba programu nyingi huomba zaidi ya zinavyotumia. Anayeandika programu hutenga nafasi kwa ajili ya hali mbaya zaidi, na hali hiyo aghalabu haitokei.

Mbinu ya pili ni kunakili wakati wa kuandika. Mchakato unapozaa mchakato mwingine, mtoto anastahili nakala kamili ya kumbukumbu ya mzazi. Badala ya kunakili, kiini huwaelekeza wote wawili kwenye fremu zilezile na kuzitia alama ya kusomwa tu. Mmoja wao akijaribu kuandika, ndipo ukurasa huo mmoja hunakiliwa. Android hutegemea sana mbinu hii. Simu inapowaka, mchakato uitwao Zygote hupakia maktaba zinazotumiwa na programu zote. Kila programu inayofunguliwa baadaye huzaliwa kutoka kwa Zygote, na hivyo hushiriki kurasa hizo bila kuzilipia upya. Bila utaratibu huu, simu ya kumbukumbu ndogo isingeweza kushikilia programu kadhaa kwa wakati mmoja.

Mbinu zote mbili zinafanana katika jambo moja: kiini hukubali deni kikitumaini kwamba wadai wote hawatakuja siku moja. Wahenga walisema ahadi ni deni. Wasanifu wa kiini hulijua hilo, na sehemu inayobaki ya usanifu ni kupanga siku ya kudaiwa.

5.0 Ukurasa upi uondoke?

Fremu zikiisha, kiini lazima kiondoe ukurasa mmoja ili kingine kiingie. Kanuni rahisi kuliko zote ni kuondoa ulioingia kwanza. Inaonekana ya haki, lakini utafiti uliofanywa katika kampuni ya IBM na kuchapishwa mwaka 1969 na László Bélády na wenzake ulionesha udhaifu wake wa kushangaza.

Chukua mchakato unaotaja kurasa kwa mfuatano huu: 1, 2, 3, 4, 1, 2, 5, 1, 2, 3, 4, 5. Ukiwa na fremu 3 na kanuni ya aliyeingia kwanza atoke kwanza, hutokea hitilafu 9 za kurasa. Ukiongezewa fremu hadi 4, kanuni ikibaki ileile, hitilafu huwa 10. Kumbukumbu imeongezwa na utendaji umeshuka. Kanuni ya kuondoa ukurasa uliokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa hutoa matokeo mengine kwa mfuatano uleule: hitilafu 10 kwa fremu 3, na 8 kwa fremu 4. Kanuni hii ya pili ina sifa muhimu kwamba kuongeza fremu hakuwezi kamwe kuongeza hitilafu.

Mfano huu mdogo una funzo kubwa kwa mnunuzi wa vifaa. Kiasi cha kumbukumbu peke yake hakielezi ubora wa huduma. Kanuni inayoigawa ndiyo inayoamua kama nyongeza italeta faida.

Kwa vitendo, hakuna kiini kinachoweza kurekodi wakati halisi wa kila mguso wa kila ukurasa, kwa kuwa gharama ingekuwa kubwa kuliko faida. Maunzi husaidia kwa kuweka biti moja katika ingizo la ukurasa kila unapoguswa. Kiini hupita mara kwa mara, husoma biti hizo, huzifuta, na hukadiria kurasa zipi zingali na kazi. Kwa miaka mingi Linux ilizigawa kurasa katika orodha mbili: zilizo hai na zilizolala. Toleo la 6.1 la mwezi Desemba 2022 liliingiza utaratibu mwingine unaozigawa kurasa katika vizazi kadhaa, ili kiini kitofautishe vizuri zaidi ukurasa ulioguswa punde na ule ulioguswa zamani kidogo.

Aina ya ukurasa nayo huzingatiwa. Ukurasa uliosomwa kutoka kwenye faili na haujabadilishwa unaweza kutupwa mara moja, kwa sababu nakala yake imo kwenye hifadhi. Ukurasa ulioandikwa na mchakato wenyewe, kama vile fomu iliyojazwa nusu, hauna nakala mahali pengine. Ni lazima uhamishiwe kwenye hifadhi ya akiba kwanza, au mchakato wenyewe uondolewe pamoja nao.

6.0 Msukosuko wa kurasa

Hasara ya kukosa ukurasa ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chukulia kuwa kusoma kumbukumbu halisi huchukua takriban nanosekunde 100, na kuleta ukurasa kutoka kwenye diski inayozunguka huchukua takriban milisekunde 10. Tofauti ni mara 100,000. Ikitokea hitilafu moja tu katika kila miguso 1,000, wastani wa muda wa mguso hupanda kutoka nanosekunde 100 hadi takriban 10,100. Mashine inakuwa polepole mara 100 kwa sababu ya tukio linalotokea mara moja katika elfu.

Mwaka 1968 Peter Denning alieleza kwa nini mashine zilizopakiwa michakato mingi hufika mahali zikaporomoka ghafla badala ya kupungua kasi kwa taratibu. Kila mchakato, alieleza, una kundi la kurasa unazozihitaji kwa pamoja katika kipindi fulani. Jumla ya makundi hayo ikizidi fremu zilizopo, kila mchakato humnyang'anya mwenzake ukurasa ambao mwenzake atauhitaji mara moja. Mashine hutumia muda wake wote kuleta na kuondoa kurasa, na kazi yenyewe haisogei. Hali hiyo inaweza kuitwa msukosuko wa kurasa. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa ya kiutawala zaidi kuliko ya kimitambo: usiruhusu mchakato uendelee kama kundi lake la kurasa halienei. Ni afadhali wachache wafanye kazi na wengine wasubiri kuliko wote kukwama.

Linux ilichelewa kupata kipimo cha moja kwa moja cha hali hiyo. Toleo la 4.20, mwishoni mwa mwaka 2018, liliongeza kipimo kinachoeleza ni sehemu gani ya muda michakato ilisimama ikingoja kumbukumbu. Kabla ya hapo wasimamizi wa seva waliangalia kumbukumbu iliyobaki, ambayo ni kipimo dhaifu, kwa kuwa kiini kizuri hujaza kumbukumbu yote kwa makusudi ili isikae bure. Kinachohusu zaidi ni muda uliopotea.

7.0 Siku ya kudaiwa: nani alipe?

Kama kiini kimeahidi zaidi ya uwezo, na wadai wakaja pamoja, hakuna kanuni ya kubadilisha kurasa itakayosaidia. Linux humpa msimamizi njia tatu. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida, ni kukataa maombi yaliyo wazi kuwa hayawezekani na kukubali mengine. Ya pili ni kukubali kila ombi bila kuuliza. Ya tatu ni kuweka ukomo: jumla ya ahadi isizidi hifadhi ya akiba pamoja na asilimia fulani ya kumbukumbu halisi, ambayo isipobadilishwa huwa 50.

Tofauti kati ya njia hizi ni wakati na mahali pa kushindwa. Chini ya njia ya tatu, mchakato hukataliwa mwanzoni unapoomba, na programu iliyoandikwa vizuri inaweza kutoa taarifa na kuendelea na kazi nyingine. Chini ya njia mbili za kwanza, ombi hukubaliwa, na deni hufika baadaye, wakati programu inaandika tu katika kumbukumbu ambayo iliamini ni yake. Wakati huo hakuna wa kuambiwa hapana. Kiini huchagua mchakato na kuuua.

Uchaguzi wa mhanga hufanywa kwa alama. Mchakato unaotumia kumbukumbu nyingi zaidi hupata alama nyingi zaidi, na msimamizi anaweza kuongeza au kupunguza kwa thamani kati ya -1000 na 1000, ambapo -1000 humkinga mhusika kabisa. Mantiki ni kuokoa kumbukumbu nyingi kwa kuua wachache. Lakini katika seva ya huduma za umma, mchakato mkubwa kuliko yote mara nyingi ndio wenye hifadhidata, yaani ndio ambao seva ilinunuliwa kwa ajili yake. Siku ya kutangaza matokeo ya mitihani, maelfu ya maombi yakija pamoja, kanuni ya kawaida inaweza kuondoa hifadhidata na kuacha hai michakato midogo isiyo na maana kwa mwananchi. Kwa sababu hiyo nyaraka rasmi za mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL hushauri kufikiria njia ya tatu kwa seva za Linux. Ushauri huo hautekelezeki na mtu asiyejua kuwa kuna uchaguzi.

8.0 Simu ya kumbukumbu ndogo

Katika simu, mambo hubana zaidi. Kwa kawaida Android haihamishii kurasa kwenye hifadhi ya kudumu kama kompyuta zinavyofanya, kwa sababu hifadhi ya aina hiyo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Badala yake hutumia zram, ambayo ni sehemu ya kumbukumbu halisi inayotumika kama akiba ya kurasa zilizobanwa. Ukurasa usioguswa hubanwa, huwekwa humo, na fremu yake huachiliwa. Nafasi hupatikana kwa kutumia nguvu ya prosesa, na hivyo betri. Simu ya bei ndogo, yenye prosesa dhaifu, ndiyo inayolipa zaidi kwa njia hii, na ndiyo inayoihitaji zaidi.

Nafasi hiyo isipotosha, utaratibu maalumu wa Android huanza kuua michakato kabla kiini chenyewe hakijafika ukingoni, na tangu Android 10 hutumia kile kipimo cha muda uliopotea. Kila mchakato hupewa daraja. Programu iliyo mbele ya macho ya mtumiaji hupewa thamani 0. Zilizo nyuma na zisizofanya kazi yoyote hupewa 900 hadi 999, na hizo ndizo hutangulia kufa. Kwa mtazamo wa mfumo, uamuzi huo ni wa busara: programu isiyoonekana haimuumizi mtu. Kwa mtazamo wa mwananchi wa mfano wa awali, programu isiyoonekana ndiyo iliyobeba fomu yake, kwa kuwa aliiacha kwa sekunde chache ili asome namba ya siri. Programu ya ujumbe ilikuwa mbele. Fomu ilikuwa nyuma.

Katika simu yenye gigabaiti 8, fomu ingesubiri salama. Katika simu yenye gigabaiti 1, kundi ambalo Google ililitengea toleo jepesi la Android kuanzia mwaka 2017, inaweza isisubiri. Huduma ni moja na mtandao ni mmoja, lakini hasara humfikia mwenye kifaa duni. Anayebuni huduma kwa kutumia simu ya gharama hawezi kuiona hasara hiyo.

Hali hii inafaa kulinganishwa na huduma zinazotumia msimbo wa USSD, ambazo wakazi wa Tanzania na nchi jirani wamezizoea kupitia pesa za simu. Katika USSD, hali ya mazungumzo hutunzwa upande wa mtandao, na simu huonesha maandishi tu. Simu ya kitochi yenye kumbukumbu ndogo mno hufanya kazi sawa na simu ya thamani. Huduma inapohamishwa kutoka USSD kwenda programu ya simu, hali ya mazungumzo huhama pia: inatoka katika seva inayosimamiwa na wataalamu na kuingia katika kumbukumbu ya kifaa cha mtumiaji, ambako kiini kina haki ya kuifuta. Uhamisho huo una faida nyingi, lakini gharama hii mara chache hutajwa inapopangwa.

9.0 Maana kwa sera

Maelezo yaliyotangulia yanaelekeza kwenye masharti ambayo hayahitaji fedha nyingi, ila yanahitaji kuandikwa mapema katika zabuni na miongozo.

Kwanza, programu ya huduma ya umma ihifadhi rasimu ya kazi ya mtumiaji katika hifadhi ya kudumu kila anapokamilisha sehemu, wala isitegemee kumbukumbu. Android humpa mwandishi wa programu nafasi ya kufanya hivyo. Kutofanya ni uzembe unaoweza kupimwa wakati wa kupokea kazi.

Pili, hatua zinazomlazimu mtumiaji kutoka nje ya programu katikati ya kazi ziondolewe au ziwekwe mwanzo. Namba ya uthibitisho inaweza kuombwa kabla fomu haijajazwa, hata programu ikifa baadaye isipoteze kitu.

Tatu, kila malipo yapewe namba ya kipekee kabla hayajatumwa, na seva ikatae namba iliyokwisha kupokewa. Programu inaweza kufa baada ya malipo kutumwa na kabla jibu halijarudi. Mtumiaji asiyeona jibu hulipa tena, na bila kinga hiyo hukatwa mara mbili.

Nne, majaribio ya kupokea programu yafanywe kwenye vifaa vyenye kumbukumbu ndogo inayotumiwa na walengwa, huku programu nyingine kadhaa zikiwa wazi. Matokeo ya kifaa kipya kisicho na kitu ndani yake hayathibitishi lolote kuhusu kifaa cha mwananchi.

Tano, mkataba wa seva ueleze waziwazi ni njia ipi ya kuahidi kumbukumbu itakayotumika, na mchakato upi ukingwe. Aidha, ripoti za utendaji zitaje muda uliopotea katika kungoja kumbukumbu pamoja na kiasi kilichobaki.

Sharti la sita linahusu lugha. Masharti haya hayawezi kujadiliwa na wajumbe wa bodi ya zabuni kama maneno yake yapo katika lugha ya wataalamu wachache tu. Dhana za ukurasa, fremu, jedwali la kurasa na hitilafu ya ukurasa zinaelezeka kwa Kiswahili bila kupoteza usahihi, kama makala hii ilivyokusudia kuonesha. Kinachohitajika ni kuzisanifisha kwa pamoja miongoni mwa nchi za eneo hili, ili mkataba ulioandikwa Kigali usomeke vilevile Dodoma na Nairobi.

10.0 Hitimisho

Kumbukumbu pepe iliwaondolea waandishi wa programu mzigo mzito, na kompyuta za leo zisingewezekana bila hiyo. Mzigo huo, hata hivyo, haukupotea. Umehamishiwa kwenye kanuni za kiini: ukurasa upi uondoke, ahadi ipi ikubaliwe, mchakato upi ufe. Kanuni hizo zilitungwa kwa kufuata wastani wa matumizi, na wastani haumwakilishi mwombaji mwenye simu ya gigabaiti 1 anayejaza fomu akiwa safarini. Washauri wa sera hawawezi kuzibadilisha kanuni za Linux, wala hawana haja. Wanachoweza ni kuhakikisha kwamba huduma za umma zinabuniwa na watu wanaojua kuwa kumbukumbu waliyopewa ni ahadi, na kwamba ahadi hiyo ikivunjwa, kazi ya mwananchi isivunjike pamoja nayo.